Ncha ya Pili ya Mkanda

Tuanze na kioo, maana Ngwali kinyozi mwenyewe hakuwa akianza siku yake na kitu kingine. Kioo cha dukani kwake kilikuwa kinachelewa. Usicheke. Katika mji ule mambo mengi yalikuwa yanachelewa, na kioo kilikuwa afadhali kuliko mengine. Ukikaa kitini kilikuonyesha sura ya mtu mwingine, aliyekaa pale kabla yako, leo au juzi au mwezi jana, akikutazama kwa macho ya usingizi. Sura yako wewe ilifika baadaye, pengine umeshavaa kofia unatoka. Wateja walishazoea. Walimpa salamu yule wa kiooni, wakafumba macho, wakanyolewa. Ngwali peke yake ndiye aliyekuwa akikikagua kila asubuhi kabla ya kufungua mlango, kwa jicho moja, kama mtu anayechungulia chungu alichokiunguza mwenyewe.

Mji wenyewe ulikuwa na jina, lakini watu waliacha kulitaja zamani, na sasa hakuna anayelikumbuka. Siku zilizojulikana zilikuwa mbili: Alhamisi, siku ya kunyolewa, na siku nyingine zote. Miaka haikuhesabiwa. Ukimuuliza mtu jambo fulani lilitokea lini, alikujibu, "Alhamisi," na hakuwa mwongo.

Jambo jingine la mji ule lilikuwa ile alama. Kila mwanamume alikuwa na doa jekundu chini ya taya la kushoto, dogo kama punje ya mtama, la damu iliyokauka. Wanaume walijivunia doa hilo. Wazazi wa bibi harusi walilitafuta kwa mkwe kabla ya kupokea posa. Vijana ambao ndevu zao hazijaota walijipaka hina mahali hapo ili waonekane nao wamo. Watu wazima na akili zao walikaa barazani wakaeleza kwamba doa lile ni dalili ya ungwana, kwamba mababu walikuwa nalo, kwamba mtu asiye nalo hana asili. Upuuzi mtupu! Lilikuwa aibu ya mtu mmoja, imegawanywa kwa mji mzima, na mji mzima umeipokea kwa mikono miwili bila kuuliza imetoka wapi. Nami nitakwambieni imetoka wapi.

Lakini kwanza nieleze kazi yenyewe, maana ninyi mnaonyolewa kwa mashine za kunguruma hamjui kitu.

Wembe wa kukunja hunolewa mara mbili. Mara ya kwanza ni kwa kinoo, jiwe lililoloweshwa maji, na hilo hufanywa kwa nadra, kwa sababu jiwe hula chuma. Mara ya pili ni kwa mkanda wa ngozi, na hilo hufanywa kila anapokaa mtu kitini. Watu hudhani ngozi inanoa. Hainoi. Makali ya wembe ni membamba mno hata ndevu za mtu mmoja huyapindisha, na kazi ya ngozi ni kuyanyoosha tu, kuyarudisha pale yalipokuwa. Unaulaza wembe ubapa, mgongo unatangulia, makali yanafuata nyuma kwa adabu. Ukifika mwisho wa mkanda unaugeuza kwa kuubingirisha juu ya mgongo wake, kisha unarudi. Usiugeuze kwa upande wa makali hata siku moja. Ukiugeuza hivyo unakata mkanda, na mkanda uliokatwa hauponi. Kila wembe utakaopita juu ya mkato ule utajikwaa, utapata pengo lisiloonekana kwa jicho, na pengo lile litamchana mtu.

Sasa, mkanda una ncha mbili. Ncha ya kwanza hushikwa na kinyozi. Ncha ya pili, katika mji ule, ilishikwa na yule anayenyolewa. Ndiyo desturi waliyoikuta. Mteja alikaa, akanyoosha mkono, akapewa ncha, akaivuta mpaka ngozi ikakaza, na kinyozi akapitisha wembe mara arobaini, wote wawili wakihesabu kwa sauti. Mteja akilegeza, makali yanaharibika na shingo ni yake. Kinyozi akikosea, mteja anahisi vidoleni. Kwa hiyo mtu alishiriki kuunoa wembe utakaopita kooni mwake, na baada ya arobaini zile wawili hao walihesabiwa kama waliolishana yamini. Neno lililosemwa kitini lilibaki kitini. Aliyemshikia kinyozi mkanda hakuhitaji kumwambia, "Usimwambie mtu." Angeonekana mshamba.

Na kinyozi aliyekata mkanda wake hakuweza kununua mwingine kimyakimya. Alitakiwa kuupeleka ule wa zamani kwa mshona ngozi, mbele ya watu, naye mshona ngozi aliunyoosha hadharani na kuuliza, "Umekufaje huu?" Umechakaa, sawa. Umeliwa na panya, sawa. Lakini ukiwa na mkato, alitakiwa aseme mkono wake uligeuka siku gani, na alikuwa akiwaza nini. Mkono wa kinyozi haugeuki bure.

Mkanda wa Ngwali ulikuwa na mkato.

Ulikuwa karibu na ncha ya pili, urefu wa ukucha. Tangu siku ulipopatikana alipigilia msumari ukutani, akautundika mkanda hapo, akawaambia wateja, "Siku hizi tunatundika msumarini." Wakasema, ahaa, maendeleo. Hawakuuliza zaidi. Na wembe ukaanza kuwachana, mahali pale pale, chini ya taya la kushoto ambapo mkono wa Ngwali hulaza wembe mara ya mwisho, naye akawabandika shabu kuzuia damu, wakaenda zao wakijiona waungwana.

Loo! Mtu anaweza kuishi hivyo? Anaweza. Anakula, analala, anakwenda harusini. Makali mazuri ya wembe hayaonekani. Ukiuelekeza wembe kwenye mwanga, makali yaliyonyooka hayatoi hata mstari, chuma kinaishia mahali pasipoonekana. Makali mabovu ndiyo yanayong'aa, yanatoa kauzi keupe. Ngwali alikaa na wembe wake dirishani akitazama kauzi kale, akijiuliza mtu anaanza kupinda wapi. Je, kuna mahali ambapo mtu mwema anaishia na mwingine anaanza? Au ni chuma kile kile chote, kimeegemea upande kidogo? Aliwaza hivyo kwa sababu kuwaza makali kulikuwa rahisi kuliko kuwaza Alhamisi ile.

Alhamisi ile ilikuwa hivi.

Kitini alikaa Shaame, rafiki yake wa tangu utotoni, mtu wa maneno mengi na kicheko kikubwa, ameshika ncha ya pili. Kwenye benchi alikaa Faki, mdogo wake Shaame, akingoja zamu yake. Watu watatu basi, na mlango umefungwa kwa sababu ya vumbi. Na zama zile mji ulitawaliwa na Mkubwa. Jina lake lilikuwa hilo hilo, Mkubwa. Mkubwa hakuwa na shingo. Picha zake zote zilimwonyesha kichwa kimekaa juu ya mabega moja kwa moja, na mwenyewe alivaa kola ndefu hadi masikioni, na shuleni watoto walifundishwa kwamba shingo ni kwa ajili ya watu wanaohitaji kugeuka nyuma. Ngwali ndiye aliyekuwa akimnyoa, kila asubuhi, katika Jumba Kubwa.

"Hebu tuambie, Ngwali," Shaame alisema, na hesabu ilikuwa imefika ishirini na tatu. "Wewe unaiona. Hivi Mkubwa ana shingo?"

"Ishirini na nne," Ngwali akajibu.

"Maana kama anayo, basi ni laini kama yangu hii. Na kama hana, unamnyoa wapi, tumboni?"

Faki akacheka mpaka akashika benchi. Shaame akacheka kwa utani wake mwenyewe. Ngwali naye akacheka, tena kuliko wote, hata akapoteza hesabu wakaanza upya. Ilikuwa siku nzuri. Hilo ndilo lililomwuma baadaye kuliko yote, kwamba ilikuwa siku nzuri.

Kesho yake akaenda Jumba Kubwa. Mkubwa hakuwa akishika mkanda. Kitini mwake ilifungwa ndoano ya shaba, na Ngwali alitundika ncha pale. Kila asubuhi Mkubwa aliuliza, "Wanasema nini mjini?" na kila asubuhi Ngwali alijibu, "Wanakuombea dua, Mkubwa." Asubuhi ile Mkubwa hakuuliza. Alifungua kola yake, kisha akanyoosha mkono wake mnene wenye pete, akaichomoa ncha kwenye ndoano, akaishika yeye.

"Nasikia ndivyo mnavyofanya huko kwenu," alisema. "Haya. Tuhesabu."

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo Ngwali alipokuwa akijidanganya kila alipojisimulia. Kwa miaka, au kwa Alhamisi moja ndefu, alijiambia kwamba aliogopa. Hakuogopa. Hakutishwa na mtu. Alifurahi! Moyo ulimjaa hadi kooni. Mkubwa amemshikia mkanda, yeye Ngwali mtoto wa kinyozi mjukuu wa kinyozi, na wanahesabu pamoja, moja, mbili, tatu, kama watu wa baraza moja. Akataka kumpa kitu. Mtu akikupokea nyumbani kwake unatafuta zawadi, na Ngwali akapapasa mifukoni mwa roho yake asipate kitu ila ule utani wa jana. Akautoa. Akautoa kwa mbwembwe, na sauti ya Shaame akaiiga, na mkono akauweka tumboni.

Na Mkubwa akacheka. Alicheka kweli, kifua kikatikisika, macho yakamtoka machozi.

"Nani huyo mchekeshaji?" aliuliza, akijifuta.

"Shaame," alisema Ngwali, bado anatabasamu. "Anakaa mtaa wa nyuma yetu."

Mkubwa akaiachia ncha.

Basi. Aliiachia tu, kama mtu aliyeshiba anavyoachia kijiko, na mkanda ukalegea wakati wembe umo njiani, na mkono wa Ngwali, mkono ambao haujakosea tangu ujana, ukageuka kwa upande wa makali. Akasikia ngozi inafunguka. Shaame alichukuliwa adhuhuri. Ngwali hakuitwa tena Jumba Kubwa hata mara moja. Mkubwa hakutaka mtu wa namna ile karibu na shingo yake, na nani angemlaumu?

Mji ukauliza, nani kamtaja Shaame? Wakahesabu. Ule utani wa shingo, ambao askari walimsomea wakimchukua, waliousikia dukani ni watatu. Shaame hakujitaja mwenyewe. Ngwali ameshikiwa mkanda, na aliyeshikiwa mkanda hamtoi mtu, haijapata kutokea. Kwa hiyo ni Faki. Hesabu ilikuwa nyepesi hivyo, kila mtu aliifanya kichwani mwake njiani akienda sokoni. Ndugu yake mwenyewe! Wakaacha kumwamkia. Akiingia msikitini safu ilisogea. Akinunua samaki alipewa wa mwisho, yule wa mkiani mwa kapu. Ngwali aliyaona yote hayo. Alikuwa na mdomo, na ulimi ndani yake, na duka lililojaa watu wa kuwaambia.

Na kila Alhamisi Faki alikuja kunyolewa.

Alikuja mchana, duka likiwa tupu. Alikaa, akanyoosha mkono wake wa kulia mbele, kiganja wazi, kuomba ncha.

"Siku hizi tunatundika msumarini, bwana Faki," alisema Ngwali.

"Ahaa," alisema Faki, akaurudisha mkono pajani. Akaegemea nyuma, akatoa shingo.

Alhamisi iliyofuata akanyoosha mkono tena. Na iliyofuata. Ngwali alidhani ni usahaulifu, au mazoea ya mtu mpweke. Mwenzangu, alikuwa na hakika sana kwamba ni usahaulifu. Alimnyoa kwa uangalifu kuliko wateja wote, na alimchana kuliko wote. Faki hakulalamika. Alibandikwa shabu, akashukuru, akatoka, na Ngwali akakaa kitini akaficha uso kwa taulo lenye povu la mtu yule.

Kisha Mkubwa akafa, akazikwa na kola yake. Akaja Mkubwa mwingine, naye hakuwa na shingo, lakini alipenda kuanza upya na akafungua magereza. Faki hakuyaona hayo. Alikufa kwa homa Alhamisi nne kabla milango haijafunguliwa, na waliombeba walikuwa wachache mno hata jeneza lilienda upande.

Ndiyo maana asubuhi moja, magereza yameshafunguliwa, Ngwali alipokikagua kioo akamkuta Faki humo, ametulia, mkono umenyooshwa, alitaka kukigeuza kuelekea ukutani. Hakuwahi. Mlango ulifunguliwa akaingia mtu mwenye ndevu hadi kifuani, nyeupe, mchafu wa safari, na macho ambayo Ngwali aliyajua kabla ya kuwaza.

"Usiniambie umenisahau," alisema Shaame. "Nywele zimebadilika, lakini pua ni ile ile."

Wakakumbatiana. Ngwali alilia, na Shaame akampigapiga mgongoni akisema, "Basi, basi, yamepita," na kila alipopigwa mgongoni Ngwali aliona haya mpaka kwenye nyayo.

"Ninyoe," alisema Shaame akikaa. "Ninyoe safi, nina mahali pa kwenda. Lete ncha."

Ule mkono, loo. Kiganja wazi, mbele, kama wa nduguye.

"Siku hizi tunatundika msumarini."

"Msumari? Msumari ndio utakaonyolewa?" Shaame akacheka kile kicheko chake, sasa kina kikohozi ndani. Akajinyanyua, akauchomoa mkanda ukutani mwenyewe, akaivuta ncha. "Kule ndani, wewe, nilikuwa nikilala naota hii ngozi. Haya. Moja."

Ngwali aliuweka wembe kwenye nusu ya kwake ya mkanda, mbali na mkato, na ncha yake akaibana kwapani ili mkono wa kushoto ufike mbele, kidole gumba kikafunika pale. Alipitisha wembe kwa mapito mafupi mafupi, huku akiwa ameinama kama mtu anayetafuta sindano.

"Mbona unaenda nusu njia?"

"Mkono umezeeka."

"Sote tumezeeka. Kumi na moja."

Walifika arobaini. Alikata kwanza ndevu kwa mkasi, akapaka povu, akamnyoa upande wa kulia. Ndevu zilianguka, na chini yake ikatoka nusu ya Shaame wa zamani, shavu lililobonyea. Kiooni alikuwa bado Faki. Na kwa desturi ya pale, ukimaliza upande mmoja wa uso unarudi kwenye mkanda kabla ya upande wa pili, kwa sababu ndevu ngumu huyachosha makali. Shaame akaichukua tena ncha bila kuambiwa, na kidole cha Ngwali kikarudi juu ya mkato.

"Hujaniuliza naenda wapi," alisema.

"Wapi?"

"Kwa Faki. Kaburini." Aliizungusha ncha kiganjani. "Mara saba alikuja gerezani, Ngwali. Mara saba anasimama pale langoni na kikapu chake. Nilikataa kutoka. Askari ananiambia, ndugu yako yuko nje, namwambia mimi sina ndugu. Ningefanyaje? Tulikuwa watatu, na wewe nilikushikia mkanda." Aliivuta ncha, ngozi ikakaza. "Sasa nimechoka na chuki. Naenda kumwambia nimemsamehe. Ndiyo nikataka uso uwe safi. Moja."

Ngwali hakuupitisha wembe.

Sema mkono umezeeka. Sema kinoo kimepotea. Maliza shavu la kushoto, mpake mafuta ya nazi, mwache aende, marehemu hasikii, aliye hai atalala usingizi, nani atadhurika? Faki? Faki keshadhurika. Atasamehewa kwa kosa lisilo lake, na jambo litafungwa, litapigwa muhuri, na hakuna Alhamisi nyingine itakayolifungua tena. Arobaini tu. Shavu moja tu. Umenyamaza maisha mazima, huwezi kunyamaza shavu moja?

Aliwaza hivyo, na aliyewaza alikuwa yeye, hakuna shetani wa kumsingizia.

"Moja," alirudia Shaame. "Umelala?"

Ngwali akainua kidole chake kutoka juu ya mkato.

Vidole vya Shaame vilikuwa karibu. Vilitambaa, vikaufikia, vikatulia pale, na ukucha wa Shaame ukaingia ndani ya mkato ukakaa sawasawa. Alikuwa mtoto wa mji ule, hakuhitaji kuelezwa. Aliuliza alivyouliza mshona ngozi tangu enzi na enzi.

"Umekufaje huu?"

"Ni mimi niliyekutaja," alisema Ngwali. "Kwa Mkubwa. Alinishikia mkanda, nikamsimulia ule utani wako wa shingo."

"Alikutesa?"

"Hakunitesa."

"Alikutisha?"

"Hapana. Nilitaka acheke."

Shaame alimtazama kwa nusu ya uso yenye ndevu na nusu isiyo nazo.

"Akacheka?"

"Alicheka."

"Sana?"

Ngwali alitaka ardhi impasukie. "Sana," alisema. "Machozi yalimtoka."

Nje mtu alikuwa akipiga nyundo kwenye bati. Kioo, ambacho hakikuwahi kufika kwa wakati, kilifika: kikawaonyesha wazee wawili wameshika mkanda mmoja, na povu linakauka.

"Nilimwambia sina ndugu," alisema Shaame, si kwa Ngwali. Kisha akaiachia ncha taratibu, akasimama, akajifuta povu kwa kiwiko.

"Ngoja nikumalizie upande huu..."

"Usiniguse. Vaa viatu. Utakuja kumwambia wewe."

Wakatoka, mchana kweupe, Shaame mbele na nusu ya ndevu zake zikipepea juu ya bega la kushoto, Ngwali nyuma, mkanda umening'inia mkononi kwa sababu alisahau kuuweka. Toka dukani hadi nyumbani kwa Faki, alikozikwa, kulikuwa na milango arobaini. Sikuitunga mimi idadi hiyo. Ndivyo mtaa ulivyojengwa.

Kwenye mlango wa kwanza fundi cherehani aliinua kichwa. "Ebo! Shaame! Karibu nyumbani... lakini nani kakunyoa nusu hivyo?"

"Ni mimi," alisema Ngwali.

Fundi alicheka, akangoja wapite. Hawakupita. Shaame alikuwa amesimama katikati ya njia, amempa Ngwali mgongo, haendi mbele wala harudi. Ngwali alielewa.

"Na ni mimi niliyemtaja kwa Mkubwa. Hakuwa Faki."

Cherehani ikanyamaza. Mkono wa fundi ukapanda polepole hadi chini ya taya lake la kushoto, kwenye lile doa, ukabaki pale. Shaame akaanza kutembea.

Mlango wa pili vivyo hivyo. Wa tatu Ngwali alinong'ona, na Shaame akasema bila kugeuka, "Sikusikia." Ikabidi arudie. Wa saba mwanamke alimtemea mate miguuni. Wa kumi na mbili palikuwa na wanaume sita wanacheza bao, wote na madoa yao, na aliwaambia wote sita, mmoja akauliza, "Kwa hiyo hii alama..." akashindwa kumaliza. Watu walianza kujikwangua mataya kwa kucha, damu mbichi ikatoka, wakawa wekundu kuliko mwanzo. Wa ishirini na tano alikuwa mzee kiziwi na Ngwali alilazimika kupiga kelele. Kufikia wa thelathini na nane watu walikuwa wamejua kabla yao, walisimama kimya vizingitini, lakini Shaame alisimama kila mlango vilevile, na Ngwali alisema kila mlango vilevile, na neno lile halikupungua uzito hata kidogo. Alidhani lingepungua. Nani alimwahidi?

Kwenye mlango wa arobaini alikaa Bi Kazija, mjane wa Faki, anachagua mchele kwenye ungo. Aliwatazama wote wawili, akasogeza ungo pembeni.

"Karibu nyumbani, shemeji," alimwambia Shaame. "Umekonda."

"Bi Kazija," alisema Ngwali, na sauti yake ilikuwa imebaki kidogo tu. "Ni mimi niliye..."

"Najua."

"Nani kakwambia?"

Alimtazama kama mtu anavyomtazama mgonjwa. "Waliosikia walikuwa watatu, bwana Ngwali. Mmoja alifungwa. Mmoja ni mume wangu, nimelala naye, namjua. Akabaki nani? Na yeye Faki alijijua kwamba si yeye. Hesabu gani hiyo ya kumshinda mtu?"

Ngwali alisimama pale. Mapito ya wembe aliyoyahesabu maishani mwake hayana idadi, lakini hesabu ya watu watatu hakuwahi kuimalizia. Alifika kila mara kwa wawili akageuza.

"Mbona hakusema?" aliuliza Shaame.

"Amwambie nani? Mji ungesema anamsingizia kinyozi. Wewe ulikataa kutoka." Hakusema kwa ukali, na Shaame alikaa chini barazani ghafla, kama aliyekatwa miguu. "Akasema atamngoja kinyozi mwenyewe aseme. Kila Alhamisi akirudi nyumbani na damu shavuni namuuliza, leo kakwambia? Ananijibu, bado. Namuuliza, ulinyoosha mkono? Ananijibu, nilinyoosha."

"Bi Kazija," alisema Ngwali. "Tafadhali."

"Namuuliza, kasema nini? Ananiambia, kasema siku hizi tunatundika msumarini." Alichukua ungo wake, akauweka mapajani, lakini hakuchagua kitu. "Kila Alhamisi. Nilimwambia badilisha kinyozi, atakuua huyo. Akasema nikihama atajua kwamba najua, atashindwa kutoka nje kwa aibu, na ana watoto."

Nyundo ya bati ilikuwa imekoma. Ngwali alitaka kuuficha uso wake kwa mikono, akakuta ameshika mkanda.

"Umekuja nao?" aliuliza Bi Kazija. "Vizuri. Yuko nyuma, ubavuni mwa kisima. Nenda kampe ncha."

Ngwali alizunguka nyumba. Kaburi lilikuwa dogo, udongo bado haujakaa, mtu amelipangia kokoto pembeni. Alipiga magoti akaiweka ncha ya pili juu ya udongo, ule upande wenye mkato, akaibana kwa kiganja hadi ikatulia. Kisha akaishika ncha yake, akarudi nyuma hatua moja, na akangoja ngozi ikaze. Alingoja sana. Mkanda ulilala chini baina yao, umelegea, na hakukuwa na mtu wa kuuvuta.